Usimwamini Sura: Plaiwudi ya Mbao Ngumu, Kuanzia Sakafu ya Kontena Hadi Kabati la Jikoni

Siku ukipita Tunduma na una dakika tano za kupoteza, ingia kwenye duka lolote lililofunguliwa ndani ya kontena kuukuu. Usiangalie bidhaa, angalia chini. Kama mwenye duka hajatandika zulia la plastiki, utaona sakafu ya mbao nyekundu iliyokolea, imejaa mafuta na makovu ya misumari, lakini bado imara. Hiyo ni plaiwudi. Kwa kawaida ina unene wa milimita 28 na matabaka 19 yaliyogandishwa pamoja, na kwa miaka mingi imetengenezwa kwa miti migumu ya Kusini-mashariki mwa Asia, hasa ule unaoitwa keruing. Kabla ya aina hiyo ya kontena kuruhusiwa kubeba mzigo, sakafu yake hujaribiwa kwa kupitisha juu yake kigari ambacho ekseli yake moja imebeba kilo 7,260.

Sasa toka hapo, nenda kwenye jiko lolote lenye kabati la kuchongesha lililopitiwa na masika mawili. Kuna uwezekano mkubwa utakuta sehemu ya chini, karibu na sinki, imefura kama chapati. Rangi ni nyekundu ileile, na jina ni lilelile: plaiwudi, mbao ngumu. Moja inabeba tani saba, nyingine inashindwa na maji ya kuoshea vyombo. Kwa nini?

Swali hili halikunijia darasani, lilinijia kwa simu. Mjomba wangu ni fundi seremala hapo Tunduma. Mwaka juzi alipata kazi nzuri ya kutengeneza kaunta na makabati ya mgahawa wa mama mmoja. Akanunua bodi tisa zenye sura nyekundu ya kupendeza, muuzaji akamwambia, "Hii mahogani fundi, haiogopi maji." Masika yalipoingia, kabati likaanza kufura, baadaye likabanduka. Mama mwenye mgahawa akataka pesa yake, na ana haki. Mjomba akairudia kazi yote kwa fedha yake mwenyewe, fedha aliyokuwa ameitenga kwa ada ya binti yake.

Nilipompigia kumpa pole, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu kimya kidogo. Kisha: "Wewe si unasoma mambo ya mbao huko Morogoro? Hebu nieleze, nilikosea wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na naamini litakufaa na wewe, uwe fundi au mteja.

Gogo linamenywa kama chungwa

Unaijua ile mashine ndogo ya wauza machungwa, inayozungushwa kwa mkono? Chungwa linazunguka, kisu kimetulia, ganda linatoka utepe mmoja mrefu. Kiwandani ni hivyohivyo. Gogo huloweshwa au kuchemshwa lilainike, hukatwa urefu unaotakiwa, hufungwa kwenye mashine na kuzungushwa dhidi ya kisu kirefu. Linatoka "ganda" refu la mbao, jembamba, ambalo huitwa vinia. Vinia hukatwa vipande, hukaushwa, hupakwa gundi, hupangwa moja juu ya nyingine, kisha hubanwa kwenye mashine yenye joto kali mpaka gundi ikomae.

Siri iko kwenye kupanga. Kila tabaka linalazwa nyuzi zake zikikatiza nyuzi za tabaka la chini yake, kama msalaba. Wazo hili si geni: Misri ya kale, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, walizika watu kwenye majeneza ya mbao za matabaka. Kilichobadilika ni mashine na gundi.

Kwa nini msalaba?

Mbao ni kama fungu la mirija myembamba sana. Ikinyonya unyevu, mirija inanenepa lakini hairefuki. Ndiyo maana ubao hupanuka upande wa upana, na kwa urefu karibu haubadiliki. Mti wa kawaida ukikauka kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara za mti husinyaa kama asilimia 8 kwa upana, lakini kwa urefu haifiki hata nusu asilimia.

Tuhamie Songwe. Mkoa wetu una msimu mmoja mrefu wa mvua, kama Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kikavu chenye vumbi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huifanya mbao itulie kwenye unyevu wa karibu asilimia 9. Hewa ikifika asilimia 80, mbao inapanda hadi karibu 16. Kwa tofauti hiyo ya asilimia 7, ubao mtupu wenye upana wa sentimita 60 unaweza kuongezeka kama milimita 11. Sentimita nzima na ushee! Ndiyo ule mlango unaofunguka vizuri Agosti, halafu Februari unausukuma kwa bega.

Kwenye plaiwudi, tabaka likitaka kupanuka, jirani yake wa juu na wa chini wanalikatalia, kwa sababu kwao upande huo ni urefu, na urefu haubadiliki. Kwa hiyo bodi ya upana uleule itaongezeka kama milimita moja tu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya plaiwudi.

Lakini hebu fikiria nani anayelipa gharama ya ubishi huo. Tabaka linavuta huku, jirani anavuta kule, na katikati yao ipo gundi. Kila masika, kila kiangazi, gundi ndiyo inayovutwa. Ishike hoja hii, tutairudia.

Witiri, na shelfu iliyopinda

Hesabu matabaka ya bodi yoyote nzuri: 3, 5, 7, 9, 11. Karibu kila mara ni witiri. Sababu ni mizani: kukiwa na tabaka moja katikati, upande wa juu na wa chini zinafanana, na nguvu za kuvuta zinalingana. Ukivunja mizani hiyo, bodi inajikunja. Ndiyo maana ukibandika fomika upande mmoja tu wa kabati, mlango unaanza kupinda. Bandika pande zote mbili.

Jambo la pili ambalo mafundi wengi hulijua kwa mkono kuliko kwa hesabu: matabaka ya nje ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Chukua bodi ya matabaka matatu yenye unene sawa. Ukiipinda kwa kufuata nyuzi za nje, yale mawili ya nje yanachangia zaidi ya 26 ya sehemu 27 za ukakamavu wake, yaani zaidi ya asilimia 96. La katikati limekaa tu kuwatenganisha. Mbao kwa kukatiza nyuzi ina ukakamavu mdogo sana, kama moja ya ishirini ya ule wa kufuata nyuzi. Ukipiga hesabu, bodi hiyo ina ukakamavu mara 11 zaidi upande mmoja kuliko upande mwingine. Matabaka yakiongezeka tofauti inapungua, lakini haiishi.

Kwa hiyo ukikata shelfu, nyuzi za sura ziende kwa urefu wa shelfu, kutoka nguzo hadi nguzo. Wengi hukata kwa kuangalia mabaki yasipotee, kisha wanamlaumu mwenye vitabu.

Unene nao una nguvu ya ajabu. Bodi ya milimita 18 si bora mara moja na nusu kuliko ya 12, ni kakamavu zaidi ya mara tatu. Na umbali kati ya nguzo ni hatari zaidi: ukitoa shelfu kutoka sentimita 60 hadi 90 na kuijaza vilevile, itabonyea karibu mara tano zaidi. Nguzo moja katikati ni rahisi kuliko bodi nene.

"Mbao ngumu" maana yake si ngumu

Hapa ndipo biashara na sayansi zinapoachana njia. Kwa wataalamu wa miti, "mbao ngumu" ni mbao ya mti wenye majani mapana, na "mbao laini" ni ya jamii ya misonobari, kama paini. Basi. Hakuna aliyepima ugumu. Balsa, ile mbao ya kutengenezea ndege za kuchezea unayoweza kuikandamiza kwa ukucha, kwa kanuni hiyo ni mbao ngumu. Mlingoti uliopandwa nyuma ya nyumba yenu Mbozi, nao ni mbao ngumu.

Sura nyekundu au ya waridi unayoiona dukani mara nyingi ni ya mti kama okume, ambao makao yake makuu ni Gabon, au miti ya Asia kama meranti na bintangor. Okume ni mti mzuri kwa kumenywa, na vinia yake ni laini, haina mafundo. Lakini ni mwepesi, kama kilo 430 kwa mita ya ujazo. Mahogani wa kweli wa kwetu ni mkangazi, na si kila chekundu ni mkangazi, kama vile si kila king'aacho ni dhahabu.

Na sura hiyo ni nene kiasi gani? Kwenye bodi nyingi za bei ya kawaida ni nusu milimita au chini ya hapo. Kwenye bodi ya milimita 18, sura mbili, ya mbele na ya nyuma, ni kama asilimia 5 na nusu tu ya bodi. Kwa kuwa ziko nje kabisa, zikiwa na nyuzi kakamavu kama za ndani zinaweza kuchangia karibu asilimia 16 ya ukakamavu. Si haba. Lakini zilizobaki, zaidi ya asilimia 80, zinatoka kwenye matabaka usiyoyaona. Na ukipitisha msasa wa mashine kwa pupa, sura yote inaisha kabla chai haijapoa.

Usidhani basi sura nyembamba ni utapeli. Piga hesabu: mita moja ya ujazo ya mbao ngumu, ukiipasua ubao wa milimita 25, unapata mita za mraba 40. Ukiimenya vinia ya nusu milimita, unapata mita za mraba 2,000. Mti mmoja unafanya kazi ya hamsini. Ukiniuliza mimi, kufunika kiini cha mlingoti wa shambani kwa sura ya mti wa thamani ni moja ya njia za akili zaidi za kutumia msitu. Utapeli unaanza pale muuzaji anapotumia sura kukuahidi kitu ambacho sura haiwezi kukifanya, yaani kuzuia maji.

Mtuhumiwa halisi: gundi

Mjomba alinitumia kipande cha lile kabati kwa basi. Nikakiweka kwenye sufuria geto, maji yakichemka. Hazikupita dakika arobaini, matabaka yakaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Sura nyekundu ilikuwa nyembamba kuliko ukucha, na ndani mlikuwa na mbao nyeupe, nyepesi, yenye matundu ambapo vipande havikukutana.

Gundi za plaiwudi ziko nyingi, lakini mbili ndizo za kuzijua. Ya kwanza ni yurea-fomaldehaidi. Ni ya bei nafuu, haina rangi kali, inakomaa haraka. Ndani ya nyumba kavu inatosha kabisa: kitanda, dawati, mlango wa chumbani. Udhaifu wake ni kwamba maji na joto vikikutana vinaivunjavunja. Kutokana na kuvutwa kwa matabaka kila msimu, ikilegea tu, kazi imekwisha. Ya pili ni fenoli-fomaldehaidi. Ni ghali zaidi, inahitaji joto kubwa zaidi kukomaa, na ikishakomaa maji ya moto hayaitishi. Mstari wake kwenye ukingo wa bodi mara nyingi ni wa kahawia iliyokolea. Lakini usiapie rangi peke yake: ipo gundi ya melamini, ya kati, ambayo nayo ni nyeupe, na rangi inaweza kuongezwa.

Kuhusu ile harufu inayochoma macho unapofungua bodi mpya: ni fomaldehaidi inayotoka. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka gesi hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gundi ya yurea huitoa zaidi. Karakana iwe wazi, na kabati jipya lipigwe hewa siku kadhaa kabla ya kuingia chumba cha mtoto.

Jaribio la sufuria

Maabara za Ulaya huchemsha vipande vya plaiwudi ya nje kwa saa 4, huvikausha kwa saa 16 hadi 20 kwenye nyuzi joto 60, kisha huvichemsha tena saa 4, ndipo huvipima. Wewe unaweza kufanya ndugu wa karibu wa jaribio hilo:

1. Nunua bodi moja kwanza, kabla ya kununua tisa. Kata vipande vinne vya sentimita 5 kwa 5, kimoja kitoke katikati ya bodi.
2. Vichemshe saa 4, vikiwa vimezama muda wote.
3. Vianike juani siku nzima, kisha vichemshe tena saa 4.
4. Pitisha patasi kati ya matabaka na ufungue. Yakiachana safi, kama karatasi, gundi imeshindwa. Mbao ikichanika na kuacha nyuzi pande zote mbili, gundi ni imara kuliko mbao, na hilo ndilo unalolitaka.

Angalizo la kwetu: Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi joto 95, si 100. Mtihani wako ni mwepesi kidogo kuliko wa maabara. Bodi iliyofeli hapa ingefeli popote.

Kama huna muda wa kuchemsha, angalia ukingo. Hesabu matabaka, tafuta matundu. Gonga bodi nzima kwa kifundo cha kidole na usikilize panapobadilika sauti. Ipime pia: bodi ya futi 8 kwa 4, milimita 18, yenye mbao ya kilo 550 kwa mita ya ujazo, itakuwa na karibu kilo 30. Ukikuta ina kilo 22 na unaambiwa ni mbao ngumu tupu, mshukuru muuzaji, endelea mbele.

Ipi iende wapi

Ndani pakavu, bodi ya gundi ya yurea haina ubaya, okoa pesa yako. Jikoni, bafuni na kwenye milango ya nje, dai gundi iliyofaulu sufuria. Ile nyeusi au ya kahawia inayong'aa, tunayoiita marinibodi, imevikwa karatasi iliyoloweshwa kwenye gundi ya fenoli. Ilibuniwa kwa ajili ya kushikilia zege, ili zege lisigande kwenye mbao. Jina lisikudanganye: plaiwudi ya kweli ya kujengea boti ni kitu kingine, haitakiwi kuwa na matundu ndani.

Na hata gundi bora haizuii mbao yenyewe kuoza. Maji huingilia kingoni, kwenye vinywa vya ile mirija, haraka kuliko yanavyoingilia usoni. Kila ulipokata, kila tundu la bomba, paka rangi au vanishi mara mbili au tatu kabla ya kufunga.

Neno moja kuhusu sakafu za makontena, maana Tunduma hazikosi. Ukipata moja usikimbilie kuigeuza meza ya kukatia nyama au kitanda cha mtoto. Sakafu nyingi zilitiwa sumu ya wadudu, na kibati kidogo kilichopigiliwa mlangoni mwa kontena huonyesha dawa iliyotumika. Sakafu hiyo ifanye jukwaa la stoo, si kitu cha kugusana na chakula.

Miti yenyewe inatoka wapi?

Kiini cha plaiwudi tunayoiuza barabara ya TANZAM kinaweza kutoka karibu: Mafinga, jirani na shamba la miti la Sao Hill, kuna viwanda vinavyomenya milingoti na paini. Sura ndiyo yenye hadithi ndefu. Sisi wa mpakani tumeyaona magogo ya mkurungu, ambao wenzetu wa Nakonde wanauita mukula, yakipita kwenye malori. Ni ndugu wa mninga, na wote hukua polepole, miongo kwa miongo. Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Panama na kukubaliana kwamba jamii zote za Afrika za mninga na mkurungu, mkongo, na mkangazi ziwekwe kwenye orodha ya pili. Orodha hiyo haipigi marufuku, bali inataka kibali kila mbao zinapovuka mpaka. Na haikuishia kwenye magogo na mbao: imetaja pia vinia na plaiwudi. Fundi wa Tunduma anayechongea mteja wa Nakonde kwa bodi zenye sura ya mninga anaweza kuhusika. Tunza risiti, na uliza ofisi ya misitu kabla ya kupakia.

Mjomba alikosea wapi?

Nilimjibu kwa ukweli, maana mtu mzima hadanganywi. Kosa la kwanza: aliihukumu bodi kwa sura, na sura ni nusu milimita. La pili lilikuwa gumu kulisema: kingo za tundu la sinki aliziacha bila rangi. Hata bodi nzuri ingeanza kuumia hapo. Muuzaji alimdanganya kuhusu gundi, lakini mlango wa maji aliufungua mwenyewe.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kuchemsha kunakula mkaa kiasi gani.

Siku hizi karakana yake ina sufuria kuukuu kwenye jiko la mkaa, na pembeni vipande vya bodi vimeandikwa kwa penseli tarehe na duka. Mteja akifika anamwonyesha kipande kilichoachana na kisichoachana, anampa patasi ajaribu mwenyewe. Bei yake imepanda kidogo, na hakuna aliyembishia. Yule mama wa mgahawa amemrudia, safari hii anataka milango ya stoo.